Nani Atamchukua Mtoto Huyu?

Wanafunzi wangu wa Kiswahili hapa Mpumudde wamegawanyika makundi mawili, na safari hii hawakugawanywa na Arsenal wala Manchester United. Wamegawanywa na katuni ya Kijapani yenye vipindi 11 tu, isiyo na panga, isiyo na majini, isiyo na gari linalolipuka. Jina lake ni Usagi Drop. Tuliitazama kwa kompyuta moja, baada ya masomo, tukisoma tafsiri ya Kiingereza iliyoandikwa chini ya picha. Kisha nikawaomba waandike maoni yao kwa Kiswahili, ukurasa mmoja kila mtu. Kurasa zote nimezisoma. Makala haya ni jibu langu kwao, na kwa yeyote mwingine anayejifunza lugha hii na kudhani kwamba hadithi tulivu ni hadithi ya watoto wadogo.

Kwa faida ya wasioiona, nieleze kisa chenyewe. Kijana wa miaka 30 aitwaye Daikichi, mseja, mfanyakazi wa kampuni, anakwenda kumzika babu yake. Matangani anamkuta msichana wa miaka sita, Rin, amesimama peke yake uani. Anaambiwa kwamba mtoto huyo ni wa marehemu, aliyezaliwa nje ya ndoa, na ukoo mzima haukuwa na habari zake. Baada ya maziko wazee wanakaa kujadili nani atamchukua. Mmoja ana watoto wake tayari, mwingine ana kazi nyingi, wa tatu anaona aibu, na hatimaye linatajwa wazo la kumpeleka katika makao ya watoto. Yote hayo yanasemwa mtoto akiwa karibu. Daikichi anakasirika, anamwita Rin, anamwuliza kama angependa kwenda kukaa naye. Vipindi vilivyobaki vinasimulia wawili hao wanavyoishi: kutafuta shule ya chekechea, kupanda treni asubuhi kwa kusukumana, kupika, kuugua, kung'oka jino. Katuni hii ilionyeshwa nchini Japani kuanzia Julai hadi Septemba 2011, ikitengenezwa na studio ya Production I.G na kuongozwa na Kanta Kamei, kutokana na vibonzo vya mwandishi Yumi Unita. Neno usagi kwa Kijapani ni sungura. Atakayengoja ujanja wa Sungura wetu wa hadithi, yule ambaye Waganda humwita Wakayima, atangoja bure.

Maoni yaliyojirudia kuliko yote yaliandikwa kwa maneno manne: "Hakuna kitu kinachotokea hapa." Waliyoandika hivyo siwashangai. Wamelelewa na kibanda. Katika vibanda vya video vya Jinja, kama vya Kampala na Mbale, filamu huja na vijei, yaani msimulizi anayetafsiri kwa Luganda huku akiongeza chumvi, akimkaripia adui na kumhimiza shujaa. VJ Jingo na VJ Junior wanajulikana nchini kuliko waigizaji wengi wanaowatafsiri. Sanaa hiyo naiheshimu. Ni ndugu wa karibu wa utambaji wa bibi zetu. Na Uganda imezalisha filamu zake za namna hiyo pia: Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex mwaka 2010 kwa fedha kidogo mno, ikazunguka dunia nzima, risasi zake za kubuni zikichekesha watu wasioijua hata Uganda iko wapi. Ila vijei huhitaji kelele ili afanye kazi yake. Mpe mandhari ya mtoto anayechuma maua uani bila kusema neno, naye hana la kutafsiri.

Na hayo maua ndiyo jambo lililotokea. Katika kipindi cha kwanza, waombolezaji wanaweka maua ndani ya jeneza, na Daikichi anamwambia Rin alete ua ambalo mzee alilipenda. Mtoto anakwenda mbio bustanini, anarudi na maua ya buluu, anayaweka karibu na uso wa marehemu, anamwambia aamke. Watu wazima wote mle ndani walikuwa jamaa wa damu wa mzee yule, na hakuna aliyejua ua alilolipenda isipokuwa mtoto waliyekuwa wakimkataa. Aliyeandika kwamba hakuna kilichotokea alikuwa anatazama mikono ya watu akingoja silaha, basi akapitwa na maua.

Sasa niyageukie maoni mazito. Mwanafunzi mmoja, mwana wa Kamuli, aliandika hivi: "Kijana huyu amekosea kwa sababu ameamua peke yake. Mtoto ni wa ukoo." Hii ni hoja, na ni hoja ya Kisoga iliyokomaa. Kwetu, mtu akifa, mambo hayaishi kaburini. Huja siku ya kwabya olumbe, matanga yanapohitimishwa, ukoo unapokusanyika kumtaja mrithi na kumtaja mukuza, yaani msimamizi wa mayatima na wa mali yao. Kila mtoto hupata mtu wa kumwelekea, na uteuzi hufanywa mbele ya mashahidi ili asiwepo wa kuruka kesho. Mwandishi wangu anaona kwamba Wajapani wale hawana mukuza, kwa hiyo mtoto ameachiwa huruma ya mtu mmoja, na huruma ya mtu mmoja yaweza kuisha.

Nakubaliana naye nusu ya njia. Kikao cha ukoo ni chombo kizuri pale waliokaa ndani yake wanapokuwa tayari kubeba. Lakini hebu tazama tena kile kikao cha katuni: ni kikao cha ukoo kamili. Wazee wamo, shangazi wamo, chai imo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "mimi". Vizazi viwili vilivyopita nchini mwetu, ukimwi ulipoacha nyumba nyingi na watoto bila wazazi, vikao vyetu vilizidiwa. Nani asiyemjua bibi aliyebaki na wajukuu saba kwa sababu waliokuwa na nguvu walitazama chini? Utaratibu unaweza kumtaja mlezi lakini hauwezi kumpa moyo. Daikichi alikosa utaratibu akawa na moyo, na wengi wetu tumeshuhudia kinyume chake.

Hapa mwalimu wa uraia ndani yangu anaomba dakika mbili. Kati ya kikao cha ukoo na huruma ya mtu binafsi, nchi yetu imeweka daraja. Sheria ya Watoto ya Uganda, ambayo msingi wake ulitungwa katika miaka ya 1990, inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila uamuzi unaomhusu, na inazipa serikali za mitaa, kuanzia kijijini, wajibu wa kulinda ustawi wa watoto. Makamu wa mwenyekiti wa LC I ndiye pia katibu wa masuala ya watoto. Niliuliza darasani ni nani anayemfahamu makamu wa mwenyekiti wa kijiji chake. Mikono mitatu iliinuka. Nikauliza ni nani amewahi kumwona akishughulikia jambo la mtoto. Mkono mmoja ulibaki juu, nao ulikuwa unayumba. Mjumbe huyo analo jukumu hilo kisheria, na ukimwendea kwa adabu ukamweleza habari za jirani asiyepelekwa shule, hujaingilia nyumba ya mtu.

Katika kurasa nyingi lilikuwamo pia neno lililonikaa vibaya. Rin aliitwa "mwanaharamu". Wanafunzi walilichukua katika kamusi, kwa nia njema, wakitafuta namna ya kusema mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Kamusi haikuwadanganya, neno lipo. Lakini kamusi haikuwaambia kwamba mitaani neno hilo ni tusi, na kwamba Waswahili wenyewe wanayo methali inayolijibu: kitanda hakizai haramu. Kama kuna dhambi iliyotendwa, aliyeitenda ni mtu mzima. Aliyezaliwa hana shauri. Katiba yetu ya 1995 inasema jambo hilo hilo kwa lugha yake ya ofisini: Kifungu cha 21 kinapoorodhesha mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, pamoja na jinsia, rangi na kabila, kinataja kuzaliwa. Nendeni mkalisome neno hilo moja katikati ya orodha. Wengi hulipita bila kuliona. Kuhusu Rin, andikeni "mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa". Ni maneno mengi zaidi, lakini wino hautaisha.

Na kwa kuwa tumefika kwenye msamiati, acheni niseme kwa nini niliichagua katuni hii na si nyingine. Kiswahili kiliingia Jinja kwa mlango wa kambi. Kikosi cha King's African Rifles kilikaa hapa, na Kiswahili kilikuwa lugha ya amri zake; baada ya uhuru, wanajeshi na polisi wakaendelea nacho. Ndiyo maana wazee wengi wa Busoga na Buganda, wakisikia Kiswahili, bado husikia kizuizi cha barabarani. Simama. Kaa chini. Toa kitambulisho. Wanafunzi wangu wanayajua maneno hayo kabla hawajaingia darasani. Lakini nilipowaomba wasimulie kipindi cha tatu kwa mdomo, walikwama njiani kama gari lililoishiwa mafuta. Hawakujua kwamba mtoto anayelowesha kitanda ni kikojozi, na kwamba neno hilo lina dhihaka, kwa hiyo mlezi mwema husema tu "amejikojolea usiku". Hawakujua pengo la jino. Hawakujua kuruka kamba. Walijua kusema "njoo!" lakini hawakujua kusema "njoo mwanangu, usijali, godoro litakauka". Lugha ambayo mtu anaweza kuamrisha kwayo na hawezi kubembeleza kwayo bado hajaijua, hata akipata alama 90 za sarufi.

Godoro hilo lilizua maoni yaliyoniuma kuliko yote, na hapa nitabishana bila kuuma maneno. Rin hulowesha kitanda kwa sababu anaogopa kifo. Babu amekufa, anawaza kwamba Daikichi naye atakufa. Kijana anapogundua chanzo hicho hamchapi, hamcheki. Anabadili shuka na kukaa naye. Wanafunzi wanne, kila mmoja kwa maneno yake, waliandika kwamba Daikichi anamharibu mtoto. Mmoja alipamba hoja yake kwa msemo: yatima hadeki.

Msemo huo upo, na ni wa kale. Tuuchambue basi. Kudeka ni kujilegeza mbele ya mtu unayeamini kwamba atakubembeleza. Mtoto hudeka kwa mama yake, akajifanya mgonjwa kidogo ili apakatwe. Msemo unaeleza ukweli mchungu: asiye na wa kumbembeleza hujifunza mapema kutolia. Kwa hiyo ni maelezo ya hasara. Nani aliugeuza kuwa kanuni ya malezi? Nani alichukua kilio cha yatima akakifanya amri juu yake: wewe, kwa kuwa umefiwa, marufuku kudeka? Mwanafunzi wangu hakuligundua jambo hilo yeye mwenyewe. Amelisikia nyumbani, na nadhani baadhi yetu tumelisema. Mtoto wa shangazi akivunja kikombe, kikombe kimevunjika. Yatima akivunja kikombe, hana shukrani.

Darasani mwangu wamo wanaoishi kwa baba wadogo, kwa shangazi, kwa bibi. Sitawataja wala sitawaelekeza kidole. Nasema tu kwamba niliziona kurasa zao, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeandika kwamba Rin anadekezwa. Mmoja aliandika sentensi mbili pekee katika ukurasa mzima, moja kuhusu shuka na nyingine kuhusu mkono wa Daikichi, kisha akaacha nafasi tupu. Nilimpa alama kamili, na wale wanne waliouliza kwa nini mtu wa sentensi mbili amewashinda wanasoma jibu langu sasa hivi. Waswahili wana kitenzi kulea, ambacho ni ndugu wa kulera katika Luganda, kumpakata mtoto. Wanacho pia kitenzi kufuga. Kuku hufugwa: hupewa punje, hupewa banda, hadai zaidi. Ukimpa mtoto chakula na mahali pa kulala ukahesabu kwamba umemaliza, basi umetumia kitenzi cha pili.

Suala la kazi nalipitia haraka, ingawa wavulana walilijadili kwa jazba. Daikichi anaomba kuhamishwa kutoka idara aliyokuwa na sifa ndani yake hadi idara ya chini isiyomlazimu kubaki kazini hadi usiku, ili awahi kumchukua mtoto. "Mjinga," waliandika. "Angeajiri msichana wa kazi." Wasichana wa darasa hawakujibu kwa hasira nilivyotarajia, mmoja wao aliuliza tu kama kuna aliyewahi kumwita mama yake mjinga kwa kufanya vivyo hivyo. Katika katuni yumo pia mfanyakazi mwanamke, Goto, aliyeshuka cheo baada ya kuzaa, na Daikichi anamwendea kwa ushauri. Mpaka siku hiyo hakuwa amewaza kwamba kushuka kule kulikuwa na gharama. Nyumbani kwetu, Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi na baba siku nne. Siku nne! Zinatosha kupokea pongezi na kuosha sufuria za wageni. Sisemi zilingane. Nasema kwamba nchi iliyoandika nne imekwisha kutoa maoni yake kuhusu nani huchelewa kazini mtoto akiwa na homa.

Wazo moja la mvulana wa Bugembe lilinipendeza kwa ujasiri wake. Aliandika kuwa katuni hii ingefanywa Uganda isingetoka salama: mseja kuishi na msichana wa miaka sita, majirani wangenong'ona, na wangekuwa na sababu. Anayo haki ya kuwa na wasiwasi. Watoto hudhuriwa mara nyingi na watu wanaowafahamu, wala sifundishi mtu kumwamini kila mjomba mwenye tabasamu. Ndiyo maana nilitaja habari ya LC hapo juu. Mlezi mwema haogopi kuchunguliwa. Katika katuni, Daikichi anazungukwa na macho: mama yake, walimu wa chekechea, binamu yake Haruko, mama wa rafiki wa Rin. Majirani wanaochungulia ili wasaidie ni mali. Wanaochungulia ili wapate cha kusimulia kisimani hao ni mzigo, na Mpumudde tunao wa aina zote mbili. (Jina la mtaa wetu, kwa wageni, maana yake ni "nimepumzika", watu hulihusisha na Omukama Kabalega wa Bunyoro, aliyefia hapa Aprili 1923 akirejeshwa kutoka uhamishoni Shelisheli. Mtazame mzizi wake mkiulinganisha na pumua na pumzika za Kiswahili.)

Jambo la jina la Rin liliwagusa Wasoga wote, waliopenda katuni na walioichukia. Daikichi anamwuliza mtoto kama angependa kuasiliwa rasmi na kulichukua jina lake la ukoo. Rin anakataa. Anataka kubaki na jina la babu, na kwake Daikichi ni Daikichi, haitaji kuitwa baba. Walifurahi kweli kweli: mtoto ametetea ukoo wake! Nami nilifurahi kwa sababu nyingine, kwamba aliulizwa. Katika kile kikao cha kwanza wazee walizungumza juu yake kama wanaogawana viti vya marehemu. Hapa mtu mzima anapiga magoti, anauliza, anangoja jibu, na jibu analikubali ingawa si alilolitazamia.

Kumebaki Masako, mama mzazi. Yu hai, ni kijana, ni mchoraji wa vibonzo anayetafuta maisha, na alimwacha mtoto. Karibu kila ukurasa ulimlaani. Daikichi mwenyewe anapokutana naye anashindwa kuficha hasira. Kisha kinafuata kipindi ambamo Daikichi na Rin wanakwenda kuzuru kaburi la babu, naye Masako yuko karibu, amejificha, anamtazama bintiye kwa mbali bila kujitokeza. Darasa lilimcheka. Msichana mmoja hakucheka, na ukurasa wake ndio uliokuwa mrefu kuliko zote. Anadai kwamba watu wote katika katuni hii walipewa mtu wa kuwauliza wana nini, hata kikojozi aliulizwa, isipokuwa Masako. Anadai kwamba baba wa mtoto, yule mzee aliyelala na mfanyakazi wa nyumba yake akazikwa kwa maua, hakulaaniwa katika ukurasa hata mmoja wa wenzake. Nimehesabu upya: ni kweli, hata mmoja.

Siafikiani naye katika yote, kwa maana mtoto wa miaka sita hawezi kungoja mama akue. Lakini hesabu yake ni sahihi, na sijaona bado hoja ya kuipinga. Walio nayo wailete Ijumaa, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, bila neno "mwanaharamu".